Chumvi Chini ya Kiti cha Refa

Mama wa usafi alianzia upande wa dirishani kama kawaida yake, akapiga deki chini ya viti vya dripu kimoja baada ya kingine, na alipofika kwenye kiti cha Refa akaegemeza mpini ukutani, akachukua ufagio mkavu. Chini ya kiti kulikuwa na chumvi. Haikuwa nyingi, kiasi cha kujaa kiganja, nyeupe na laini.

"Inua miguu, mzee. Unakula nini humu ndani?"

"Sili kitu, mama. Inanitoka kwenye mikono ya shati." Refa akakung'uta mkono mmoja ili amwonyeshe, na kweli, nyingine ikamwagika.

"Basi kung'uta yote nifagie mara moja. Huu mgongo si wa kuinama kila saa."

Refa akakung'uta. Mama wa usafi akaizoa, akaimwaga kwenye pipa la taka za kawaida, akaendelea na deki yake.

Chumba hicho kilikuwa cha utafiti. Waliokaa humo walikuwa na saratani ya mapafu, ile ya seli ndogo, ambayo haina subira hata kidogo. Mtu huanza na kikohozi anachokisingizia vumbi, na siku anayopigwa picha anakuta imeshatoka kifuani, imehamia kwenye ini. Kila mgonjwa alitundikiwa mifuko mitatu. Miwili ya kwanza ilikuwa na dawa ambazo ugonjwa huo hutibiwa nazo siku zote. Wa tatu ulivishwa kifuniko cha kahawia, kwa sababu wengine walikuwa na dawa mpya ndani yake na wengine walikuwa na maji ya chumvi matupu, na ilitakiwa asijue mtu nani ana nini, si mgonjwa, si muuguzi, wala si daktari. Kompyuta ilipiga kura, mfamasia akachanganya huko kwake, akafunga mdomo. Ndivyo dawa zinavyojaribiwa pamoja, ya zamani na mpya, na hakuna ubaya wowote hapo mradi mgonjwa ameelezwa akakubali. Refa hakuelezwa.

Na aliyeacha kumweleza hakuwa mtu baki. Alikuwa muuguzi wa chumba hicho hicho, binti wa marehemu kaka yake. Kaka mtu alipofariki, Refa na mkewe walimchukua huyo mtoto akiwa bado anakojoa kitandani, wakamlea, wakamsomesha, na mpaka leo akiwaita Baba Mdogo na Mama Mdogo hasemi kwa adabu tu. Jumamosi alikuwa akienda na Baba Mdogo uwanjani, anakaa kwenye mstari na chupa ya maji, anamtazama akichezesha mechi za mtaani kwa ukali kana kwamba dunia nzima inatazama. Huyu ndiye mtu aliyepuliza penalti dhidi ya timu ya shemeji yake dakika ya mwisho, na shemeji akasusa kuja kwake mpaka watoto wakaota ndevu. Sigara alivuta sana, hilo halifichiki. Lakini kuonea mtu, hapana. Kabla ya mechi aliwaita manahodha wote wawili, akawapa sarafu waishike, waigeuze, waone pande zake zote mbili, ndipo airushe. Watu walimcheka, wakasema huyu anauza ng'ombe au anachezesha mpira. Yeye alijibu kwamba hataki mtu aje kumwambia baadaye hakujua kama kuna kura.

Sasa basi. Katika maelezo ambayo muuguzi alitakiwa amsomee kila mgonjwa mpya, kulikuwa na sentensi moja kuhusu kura na maji ya chumvi. Wagonjwa walikuwa wakiisikia hiyo wanabeba mikoba yao. "Maji ya chumvi si nasukutulia kooni nyumbani?" mmoja alisema, akaenda zake. Daktari mkuu hakumwamuru mtu yeyote airuke. Alipita tu mlangoni, akatazama viti, akasema, "Viti vitupu havitupi majibu." Polepole wauguzi wakazoea kuimeza ile sentensi, na mahali pake wakaweka nyingine, "Utapata kila kitu kilichopangwa." Haikuwa uongo, mradi usiigeuze kuitazama upande wa pili.

Refa alipoletwa, muuguzi angeweza kumsomea yote. Alikuwa na muda, alikuwa na sauti. Ila alimjua, akaogopa atakataa, aende nyumbani akakae na kikohozi chake. Akamwambia atapata kila kitu kilichopangwa. Refa hata miwani hakuvaa. "Nikuamini wewe, halafu nisome nini?" alisema, akatia saini.

Kadiri dripu zilivyoendelea, ndivyo chumvi ilivyozidi. Ilimtoka kwenye kola, kwenye soksi, kwenye mikunjo ya masikio. Nyumbani Mama Mdogo aliikung'uta kwenye shuka kila asubuhi, akaichekecha kwa kichujio cha chai, akaitia kwenye kopo. Hakuwa mtu wa kutupa kitu. Jumapili muuguzi alipokwenda kula kwao, alisifu mchuzi, maana ulikuwa umekolea.

"Ni chumvi ya Baba yako Mdogo," Mama Mdogo akasema. "Wala hatununui tena. Ongeza wali, mwanangu, umekonda."

Muuguzi akaongeza wali. Akala yote, kwa sababu angeacha wangemuuliza ana nini.

Maana yeye alishajua. Wote pale kazini walishajua. Baadhi ya viti vilikuwa na chumvi chini na chini ya vingine palikuwa pakavu, na haikuhitaji shahada kuelewa nani anapewa nini. Siri ambayo kompyuta na mfamasia waliitunza ilikuwa imemwagika sakafuni, inafagiwa. Daktari mkuu aliitisha kikao. Mfamasia alikuja, akakaa karibu na mlango akitazama viatu vyake.

"Chumvi si dhara," daktari mkuu alisema. "Kichefuchefu ni dhara. Nywele kunyonyoka, damu kupungua, hayo tunaripoti. Chumvi haimo. Tutatandika shuka nyeupe chini ya viti vyote, haitaonekana."

"Nyeupe inashika uchafu," akasema mama wa usafi, aliyeitwa kwa ajili ya hizo shuka.

"Utazifua."

"Nitazifua, lakini nimeshasema."

Shuka zikatandikwa. Muuguzi alikuwepo kwenye kikao hicho, alikuwa na mdomo, na hakuufungua. Alisaidia hata kunyoosha pembe.

Kiti cha pili kutoka kwa Refa alikaa fundi cherehani, mwanamke mwembamba aliyekuja na kikohozi cha kutisha na sasa alikuwa anapanda ngazi bila kusimama katikati. Chini yake hapakuwa na punje. Siku moja, akidhani wenzake wamesinzia, alitoa leso iliyofungwa kwenye mkoba, akaifungua, akainama na kunyunyiza kitu kuzunguka miguu ya kiti chake.

"Fundi," Refa akaita.

"Abee."

"Hiyo ni ya dukani. Punje zake kubwa."

Fundi cherehani akajifunika uso kwa mtandio. "Naona haya, mzee wangu. Nyie mnamwaga kila siku na kikohozi chenu kinarudi, mimi nimekaa pakavu nanenepa. Nikaona angalau nifanane na nyie."

"Nyie nani?"

Fundi akatupa macho sakafuni. Refa akaegemea mbele kadiri mpira wa dripu ulivyomruhusu, akatazama sakafu toka dirishani mpaka mlangoni. Shuka nyeupe hazikumsumbua. Alikuwa ametumia maisha yake kuangalia mistari ya chokaa kwenye nyasi zilizokauka, na chumvi juu ya nguo nyeupe aliiona. Hapa ipo, hapa hamna, hapa ipo, hapa ipo, hapa hamna. Akaona timu mbili. Kisha akainua macho kwenye mfuko wake wa kahawia, akautazama mpaka ukaisha.

Muuguzi alipokuja kumtoa sindano, Refa alimshika kifundo cha mkono, si kwa nguvu.

"Mwanangu. Humu ilirushwa sarafu?"

Muuguzi akabonyeza pamba pale sindano ilipotoka. "Ndiyo, Baba Mdogo."

"Lini?"

"Kabla hujaanza. Kompyuta ndiyo inayorusha."

"Na mimi nikaangukia chumvi."

"Nadhani. Hatutakiwi kujua."

"Aa, tunajua bwana." Akakung'uta kola, ikamwagika. "Sikuulizi kuhusu dawa. Nimeshindwa kura nyingi maishani, hata nyumba ya mradi ilinipita hivyo hivyo. Nakuuliza sarafu. Kwa nini hukunionyesha?"

Angeweza kumwambia habari za viti vitupu, au habari za daktari mkuu. Lakini huyu alikuwa mtu aliyemfuta kamasi, na mbele yake hivyo visingizio havikutoka. "Niliogopa utakataa," alisema, na machozi yakaanza kumtiririka. Aliona aibu hata kwa hayo machozi, kwa sababu yalikuwa kama ya kuombea msamaha kabla hajauomba.

"Ningekataa?" Refa alilifikiria swali kwa haki, kama alivyofikiria kila kitu. "Labda ningekubali. Napenda mashindano mimi. Labda ningekubali, nikae hapa nimwage chumvi yangu roho yangu nyeupe." Akamwachia mkono. "Sasa hatutajua tena, wewe wala mimi."

Refa hakumgombeza. Angemgombeza, muuguzi angepata pa kushika. Alimfunga bandeji, akamsaidia kuvaa koti, na mifuko ya koti ilikuwa mizito kwa chumvi.

Mchana ule ule muuguzi alikwenda kwa daktari mkuu. Aliomba Refa abadilishiwe mfuko, kwani dawa ilikuwa kwenye jokofu la mfamasia, mlango wa tatu kushoto.

"Haiwezekani, na unajua haiwezekani," daktari mkuu alisema, wala hakusema kwa ubaya. "Tukianza kuhamisha watu, jaribio limekufa. Na hata hatujui kama inasaidia. Yule bwana wa kiti cha mwisho hakutoa punje hata moja, na tumemzika Alhamisi."

Hilo lilikuwa kweli, na muuguzi alilijua, na halikumsaidia. "Basi tuwaambie wengine. Ambao hatukuwasomea ile sehemu ya kura. Tukae nao tuwaeleze."

Daktari mkuu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu. "Sista, kuna haja gani sasa? Si wameshaona wenyewe?" Akavaa miwani, akamuuliza wagonjwa wapya wanaanza lini.

Refa aliendelea kuja. Aliambiwa ana haki ya kujitoa wakati wowote, akasema ameshaingia uwanjani. Zile dawa mbili zilimsaidia kwa muda, akapata pumzi ya kupuliza kipenga siku moja katika mechi ya watoto, nusu ya kwanza tu. Kisha ugonjwa ukarudi kwa kasi. Fundi cherehani aliacha kunyunyiza ya dukani. Akawa anakaa kiti cha jirani, akimkung'utia Refa mabega kila ilipojaa, na Refa akamwambia amepewa bahati, aitumie, asimfanyie aibu.

Mara ya mwisho muuguzi kumwona akiwa hai ilikuwa nyumbani, saa za alasiri, Mama Mdogo akiwa jikoni. Refa alikuwa amekuwa mwepesi, shuka yote nyeupe kumzunguka. Akapapasa chini ya mto, akatoa ile sarafu yake ya mechi, iliyolika kingo mpaka kichwa hakitambuliki ni cha nani.

"Chukua. Ukiwa unamweleza mtu, mpe aishike kwanza. Basi, hamna kingine."

"Nitafanya, Baba Mdogo."

"Haya."

Walipomwosha, chumvi ilikuwa nyingi kuliko maji, waliomwosha wakapeana zamu. Walimzika siku ya pili. Shemeji wa ile penalti alikuja, akasimama nyuma, akalia kuliko watu wote. Mama Mdogo anaendelea kupikia lile kopo mpaka leo, nalo halipungui, na muuguzi anakwenda kula Jumapili, na anaongeza wali akiambiwa aongeze.

Kiti kilikaa kitupu kwa muda mfupi tu. Mama wa usafi alikifuta, akatandika shuka iliyofuliwa. Mgonjwa mpya aliyeletwa alikuwa muuza viatu, mwanamke mwenye sauti iliyokwama, ameongozana na binti yake aliyembebea picha za kifua kwenye bahasha kubwa. Muuguzi aliwakaribisha, akawaeleza kuhusu ugonjwa, kuhusu dawa mbili, kuhusu mfuko wa kahawia. Akafika kwenye ile sentensi. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeishika sarafu, imeshapata joto la mwili.

Muuza viatu alikohoa, akajifuta mdomo. "Na mimi nitapata hizo zote tatu, sista?"

Binti akaegemea mbele kusikiliza. Mlangoni daktari mkuu alipita, akatazama kiti, akapita. Chini ya kiti cha jirani chumvi ya mtu mwingine ilikuwa imeanza kukusanyika kwenye mkunjo wa shuka, na mama wa usafi alikuwa njiani na ufagio mkavu.

Muuguzi alitoa mkono mfukoni. Ulikuwa mtupu.

"Utapata kila kitu kilichopangwa, mama," alisema, na akamsogezea kalamu.