Maombolezo ya Mama Eugénie

Huko Bukavu, Kongo, Zihindula alifundisha fasihi chuo kikuu. Vita vikamtupa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mwaka 2004, akiwa peke yake. Mkewe, Darlène, alifia njiani; alimfukia haraka, bila matanga, akaendelea kukimbia.

Miaka ikapita, chuo kimoja cha Lilongwe kikamwajiri. Si kwa fasihi. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wapya kupanga insha na kutaja chanzo cha maneno ya wengine. Akapanga chumba mjini. Wenzake waliitikia salamu yake kwa Kichewa, "Zikomo, Dokta," wakapita. Jioni alikula nsima, ugali wa huko, mbele ya redio.

Jumamosi alirudi kambini kwa Mama Eugénie, mjane aliyetoka Fizi, Kongo, kurekodi nyimbo za msiba za lugha ya kwao. Huo ndio ulikuwa utafiti wake.

"Profeseri, we unashika maneno tu," mama alimwambia siku moja. "Bibi yako Darlène hujamulilia bado."

"Mi niko ku kazi, mama."

"Njo ile nasema: kazi tu."

Mwaka 2013 mama akapata safari ya kuhamia Kanada. Siku ya kuondoka ikaangukia siku ambayo Zihindula angewasilisha utafiti wake chuoni. Alichagua chuo. Walikuja watu wanne, na swali likawa moja tu: makala ina kurasa ngapi?

Jumamosi akaenda kambini hivyo hivyo. Nyumba ya mama ilikuwa na mpangaji mpya, Mrundi aitwaye Sinzinkayo, aliyeingia siku mama alipoondoka. Akamkaribisha chai.

"Alikungojea sana," akasema. "Injini ya basi imewaka, yeye bado anaangalia barabara. Zile nyimbo alisema alikuimbia ziko namna gani?"

Zihindula akafungua kinywa aeleze, kama alivyoeleza chuoni. Badala yake akaimba. Palipotajwa marehemu akatia jina la Darlène. Akalia kama mtoto, kwa mara ya kwanza tangu amfukie. Sinzinkayo hakuelewa neno hata moja la wimbo ule, lakini alivua kofia, akaiacha chai yake ipoe.

Jumatatu Zihindula alikuwa darasani, akifundisha kupanga aya za insha. Makala ilitoka baadaye katika jarida dogo. Aliituma Kanada, jibu halikuja. Aliendelea kupita kwa Sinzinkayo baadhi ya Jumamosi, wakanywa chai na kuongea habari za mvua. Nyimbo aliziimba njiani, peke yake, na alipokosea hapakuwa na wa kumsahihisha.