Komeo la Vorodani

Mji wa Vorodani, makao makuu ya nchi ya baridi isiyopungukiwa na mawe wala na watawala, ulikaa juu ya kilima kilichozungukwa na mto, kama shingo iliyozungukwa na mkono wa mnyongaji anayesitasita. Juu kabisa palikuwa na kasri la Mtawala Godemari, ambaye watu walimwita Baba ingawa alikula kabla ya watoto. Chini ya kasri lilisimama kanisa kuu la Askofu Anzelini, aliyewahimiza waumini wafunge huku tumbo lake likimtangulia kufika madhabahuni. Chini ya kanisa yalijipanga maghala ya ngano ya Lambeto, tajiri asiye na cheo, ila wenye vyeo wote walikuwa wake. Hawa watatu walipendana sana mbele ya watu. Na kule chini kabisa, katika vichochoro vilivyonuka moshi na ngozi mbichi, waliishi wale walioubeba mji mgongoni: waashi, wahunzi, wafumaji, wachota maji, na mjane mmoja mwoka mikate, jina lake Ormina, ambaye tanuri lake la mawe alilirithi kwa bibi yake.

Mwaka mmoja zikavuma habari kwamba adui anakuja kutoka nyika za mashariki. Hakuna aliyemwona, na hilo likachukuliwa kuwa ushahidi wa ujanja wake. Godemari akaamuru ujengwe ukuta. Machimbo ya mawe yalipokauka, ikapigwa mbiu kwamba kila nyumba itoe jiwe la kizingiti. Kisha ikawa kuta. Kisha, kwa kuwa nyumba isiyo na kuta haina haja ya msingi, msingi nao ukang'olewa. Watu wakajibanza kwenye mabanda ya matete chini ya ukuta uliokuwa nyumba zao. Askofu akaona mabanda yale yanauchafua uso wa ukuta mbele za Mungu, basi wakahamishiwa nje, kwa muda, wakaambiwa. Muda huo haukutajwa urefu wake.

Ndani likabaki tanuri la Ormina, maana wakubwa walipenda mkate wa moto. Lakini upinde wa lango ulipopungukiwa na mawe, askari wakaja na nyundo. Ormina akapanda kilimani na unga bado mikononi, akangoja uani mpaka Mtawala akatoka kutazama hali ya hewa.

"Mtukufu," akasema, "ukuta huu unamzuia nani?"

"Adui."

"Kuna aliyemwona?"

"Utamwonaje, mama, na ukuta uko mbele yako?" akajibu Godemari, na wapambe wakatikisa vichwa kwa jinsi jibu lile lilivyojaa hekima.

Ormina akashuka kilimani. Aliporudi alikuta majivu na alama nyeusi ardhini. Akakaa pale kitambo, akiupapasa udongo uliokuwa bado na joto, kama mtu anayepapasa kitanda cha mgonjwa aliyekwisha kuchukuliwa. Kisha akabeba sinia lake na chungu cha chachu, akatoka nje ya mji kwa miguu yake. Hakulia mbele ya askari.

Lango likakamilika, ikabaki kutia komeo. Mwashi mkuu, Tibaldi, mtu mpole aliyejenga nusu ya ukuta, yakiwamo mawe ya nyumba yake mwenyewe, akauliza litiwe upande gani. Hapo ndipo mapenzi ya wale watatu yalipotiwa mizanini. Askofu alisema komeo likiwa ndani, Mtawala anaweza kutoroka na sadaka. Mtawala alisema Askofu anaweza kumfungulia adui akipewa kanisa kubwa zaidi. Lambeto hakusema kitu, na wote wawili wakamwogopa yeye kuliko walivyoogopana. Wakabishana siku nzima, mwishowe wakakubaliana kwamba komeo litiwe nje na kulindwa na watu wa mabanda. Asiye na kitu, walisema, hana njama. Hata watumishi na askari wakatolewa, kwa kuwa mtumishi ana masikio na askari ana upanga.

Godemari akamwagiza Tibaldi mbele ya wote: "Usifungue mpaka adui aje na aondoke. Hata nikikuamuru mimi, usifungue. Huenda ni adui anaiga sauti yangu."

Tibaldi akainama, akatoka nje. Lango likafungwa.

Huko nje watu walichimba udongo wa mfinyanzi ukingoni, Ormina akakandika tanuri jipya, na harufu ya mkate ikapanda ukuta bila ruhusa. Ndani, maghala yalijaa ngano, lakini hapakuwa na mkono uliojua kusaga, wala mgongo uliojua kubeba maji. Inasemekana Askofu alijaribu kutafuna punje mbichi akavunja jino. Haikuchukua muda, lango likaanza kugongwa.

Kwanza Mtawala aliamuru. Tibaldi akajibu kwa adabu kupitia ufa wa mbao: "Mtukufu, adui bado hajaja. Ataondokaje?"

Kisha Askofu akaamuru kwa jina la Mungu, na Lambeto akaahidi dhahabu. Watu wakakusanyika. Wengine walisema wafunguliwe, ni binadamu. Wengine walisema lango lile lina mawe yao, basi ni mlango wa nyumba yao, na mwenye nyumba hufungua anapotaka. Wakamgeukia Ormina.

"Kufungua si kazi," akasema. "Lakini wakitoka, watatoka wakiwa nani?"

Tibaldi alisogea akaweka mikono miwili juu ya komeo; hakuliinua, wala hakuliachia. Nyuma ya mbao ikasikika sauti nyembamba, haikujulikana ni ya nani kati ya wale watatu, ikisema "tafadhali". Ilikosea kulitamka neno hilo, ikarudia tena, polepole, kama mtu anayejifunza lugha ya ugenini.