Vidole vya Daktari Ragna

Daktari Ragna Fjelstul alikuwa amepasua matumbo ya watu wa Minneapolis kwa zaidi ya miaka ishirini, na kama kuna kitu alichojivunia mbele ya watu na nyuma yao, ni mikono yake. Kwa hiyo Bodi ya Udaktari ya Dakota ya Kaskazini ilipomwarifu kwamba mambo yake yote yako sawa, vyeti, mitihani na wadhamini, isipokuwa vidole, alicheka. Akasoma tena, akaacha kucheka. Alama zilizochukuliwa ili apekuliwe kama aliwahi kuwa mhalifu hazikusomeka. Sabuni na brashi za miaka yote hiyo zilikuwa zimezifuta.

Na haraka alikuwa nayo. Baba yake, mzee Alvin, aliishi peke yake nje ya mji mdogo wa Dahl Butte, ambako zahanati haikuwa na daktari. Kamati ya zahanati ilimwahidi Ragna kazi hiyo, lakini ingemsubiri mpaka Pasaka tu. Akikosa leseni angerudi Minneapolis, na mzee angebakiwa na simu ya kila Jumapili.

Naibu sherifu Duane Hoffarth, askari wa wilaya aliyekuwa amemchukua alama hizo kwa wino, alimtazama vidole, kisha akamtazama usoni.

"Wezi wote wa wilaya hii wangevitamani hivi, daktari," alisema. "Nenda kavipumzishe, halafu urudi."

Basi Ragna, aliyekuwa ameshahamia kwa baba yake, akajipangia matibabu mwenyewe: mafuta mazito, glavu za pamba, na asiguse sabuni mpaka ngozi irudi. Huyo ndiye aliyekuwa akiwafukuza wauguzi chumba cha upasuaji kwa kutonawa hadi viwikoni. Ndiye aliyewaita wagonjwa wasiofuata masharti watoto wenye mvi. Siku ya pili tu mzee alimkuta amesimama mbele ya bomba, anayatazama maji kama mlevi aliyeachishwa pombe.

"Toka hapo," mzee akamwambia. "Vyombo naosha mimi."

Ragna akala viazi na nyama ya kuoka amevaa glavu kama bibi harusi, akajicheka mpaka akapaliwa.

Kukaa bure kulimfumbua macho. Mzee akibeba sahani alikanyaga kwa ncha ya mguu mmoja. Ragna alipomuuliza, alisema ni kiatu. Kesho yake ikawa ni baridi. Asubuhi ya kurudi kwa Duane, Ragna alichoka kudanganywa, akamkalisha mzee kitini na kumvua soksi. Kisigino kilikuwa na kidonda kilichooza pembeni, na mzee alikuwa na kisukari.

"Tangu lini, baba?"

"Krismasi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kazi yako uje."

"Si nimeiacha, nimekuja."

Mzee akatazama dirishani. Ragna alipandwa na hasira, lakini zaidi aliona aibu, maana kila Jumapili alimuuliza baba yake hali ya hewa na hakuwahi kumuuliza miguu. Akavua glavu. Akanawa hadi viwikoni kwa brashi, na Mungu amsamehe, alifurahia kila tone. Alikisafisha kidonda, akakifunga, akamkimbiza mzee hospitali ya Bismarck. Huko waliambiwa kwamba wangechelewa kidogo tu, mguu ungekatwa.

Waliporudi akapitia kwa Duane. Safari hii wino uliacha mabaka matupu, na Duane akayatuma hivyo hivyo. Alama zilipokataliwa mara ya pili, Ragna alishusha sanduku lake afunge mizigo ya kurudi Minneapolis. Bingwa mzima wa upasuaji, alijiambia, nimefelishwa na kidole gumba.

Wiki ya Pasaka simu ikalia: leseni imetoka. Mama wa Bodi alimweleza kwa upole kwamba alama zikikataliwa mara mbili, mtu hupekuliwa kwa jina. Jina la Fjelstul lilipekuliwa nchi nzima, halikuonekana na doa. Utaratibu huo, aliongeza, umo kwenye maelekezo ya mwanzo. Ragna hakuwa ameyasoma. Maelekezo, kwa maoni yake, yalikuwa ya wagonjwa.

Alimsimulia mzee, aliyekuwa ameinua mguu wake juu ya kigoda. Mzee akavitazama vidole vya bintiye.

"Kwa hiyo mikono haikusaidia kitu."

"Haikusaidia."

"Na mikono hiyo niliuza ng'ombe kuisomesha," alisema mzee. "Jina nilikupa bure."