Kinanda cha Pili

Mimi sikuomba mume bahili. Niliomba mume mwenye akili ya fedha, na naona dua yangu ilifika nusu.

Msimu wa nyuma Jecha, mume wangu, alikwenda Konde kununua majamvi ya kuanikia karafuu, akarudi na kinanda cha santuri. Alikuwa ameshamwahidi mwenye duka rahani ya mikarafuu yangu minane, niliyoachiwa na baba. Ataikomboa msimu ukija, akasema. Akishindwa, miti inahamia kwa mwenye duka. Niliridhia nimeduwaa, maana kinanda kilikuwa tayari kinaimba sebuleni.

Watu wa Mgogoni wakamcheka, na Jecha hawezi kuchekwa. Akaapa msikitini kwamba israfu basi. Sukari ikakatwa, mafuta ya taa yakakatwa, kitoweo tukawa tunakinusa kwa jirani. Shehe akamtaja kuwa mfano mwema baada ya sala ya Ijumaa. Wanawake kisimani wakanipa hongera, nami nikaitikia nisijue naitikia nini.

Karafuu za shamba lake zikaiva. Wachumaji wakashuka kutoka Makangale na vikapu vyao. Desturi yetu, mwenye shamba huwapa chai na muhogo asubuhi kabla hawajapanda mitini. Jecha akaifuta.

"Miye nalipa pishi, silipi matumbo," aliwaambia.

Wakatazamana, wakavuka kwa jirani yetu Silima, ambaye birika lake halishuki motoni.

Karafuu ikishachanua mtini haina bei, mtoto wa Pemba huyajua hayo kabla hajaota meno. Nilipoona vitumba vinaanza kufunguka nikamwendea.

"Bwana, karafuu zachanua."

"Sukari tumenunua?"

"Hatukununua."

"Basi hatujapoteza kitu."

Niliingia jikoni nikalia kwa hasira. Baba hakuniachia dhahabu wala nyumba. Aliniachia miti ile, aliyoipanda kwa mkono wake.

Kesho yake, Jecha akiwa shambani anachuma peke yake, nikamwita Nyange, fundi cherehani aliyekuwa akikitamani kile kinanda. Nilitaka kukiuza. Nikakitoa barazani, nikakitia ufunguo ili asikie kwamba ni kizima. Hatujafika kwenye bei, ua ukajaa wachumaji wa Silima na vikapu vyao.

"Bi Mwanawema, chaimba kutwa hicho?" aliuliza mmoja wao, Bi Tatu.

"Mkichuma kwetu, kitaimba kutwa," nikasema, na sijui neno lile lilitoka wapi.

Nyange akaenda zake mikono mitupu. Wachumaji wakapanda mitini bila chai, wanaimba, na karafuu nyingi tukaziwahi. Jecha alizunguka shamba lake kinywa wazi. Zilipokauka akazipakia kwenye gari la Konde, akaniahidi kurudi na miti yangu.

Akarudi na kinanda cha pili.

"Na mikarafuu yangu?" nikamuuliza.

"Nisikilize, mke wangu. Kyombo kimoja kimetujazia shamba. Viwili je? Israfu ni kununua kisichozaa."

Nilimkodolea macho. Kila neno lake lilikuwa kweli, nimeliona kwa macho yangu, na yote pamoja yalikuwa wendawazimu. Nikatafuta pa kumshika nisipaone. Hata kumtukana nilishindwa, na kwa kutukana mimi si mtu wa kushindwa.

Nikanyoosha mkono anipe fedha zilizobaki. Nikazifunga pembeni mwa kanga, nikajitwika kinanda kipya, nikashika njia.

"Hwenda wapi, Bi Mwanawema?"

"Nakwenda kuichukua miti ya baba."

"Na miye nibebe nini?"

"Beba hicho cha zamani. Nyumba ya Nyange iko njiani."

Akakibeba. Nyange alitoa fedha hata hajakaa vizuri. Mwenye duka alinuna, lakini kinanda kipya hakikuwa kimeimba hata mara moja, akakipokea. Nikaongeza zilizokuwa kwenye kanga, na miti ikarudi kwangu siku ile ile.

Njia nzima ya kurudi Jecha alikuwa nyuma yangu, ananiuliza kwa upole kabisa: katika vile vinanda viwili, israfu ilikuwa kipi? Nami, Mungu shahidi, sikuweza kumjibu.