Rangi Kwenye Mashine ya Mama

Wapaka rangi wenzake walimwita Bwana Thina, na hakuwa na wa kumlaumu. Rangi ikimdondokea kiatuni, anaifuta kwa thina, kile kiyeyusho cha rangi kinachowaka upesi kama petroli. Ikimrukia shingoni, thina. Aliwahi kuitumia kusafisha rimoti ya mteja, vitufe vikalainika kama uji, na bado hakukoma. Mazoea yana taabu.

Siku aliyopaka rangi korido ya nyumbani kwao alijitahidi kuwa na adabu. Mapafu ya mama yake yalikuwa yamechoka. Aliishi kwa mashine ya oksijeni, sanduku la plastiki lililokaa koridoni likinguruma kutwa kucha, na mpira mwembamba ukitoka humo mpaka sebuleni, puani mwa mama. Kwa ajili yake Thina alichagua rangi ya maji, isiyo na harufu. Mashine hakuifunika, kwa kuwa muuguzi alionya kwamba nayo huvuta pumzi, ukiiziba inakufa. Aliisukuma tu pembeni, akapanda ngazi na trei yake ya rangi.

Ajali haina kinga. Kiwiko kiligusa trei, na rangi nyeupe ikamwagika juu ya mashine, ikafunika vitufe, ikatiririka ubavuni kwenye matundu inakovutia hewa. Thina alishuka ngazi bila kuhisi miguu yake. Akili ilikuwa bado juu, lakini mkono ulishatangulia: chupa imefunguliwa, kitambaa kimelowa, harufu ya thina imejaa korido nzima.

Hapo mashine ikapiga filimbi na taa nyekundu ikawaka.

Thina aliganda, kitambaa mkononi. Aliinamia ile taa, na chini yake, nusu imezama kwenye rangi, akaiona stika aliyoipita kila siku: mwali wa moto uliokatwa kwa mstari mwekundu. Maneno ya muuguzi yakamrudia yote kwa mpigo. Hewa hii haiwaki yenyewe, alisema, lakini ikikutana na kitu cha kuwaka na cheche moja tu, moto wake hausubiri mtu avae viatu. Na waya ulikuwa bado kwenye soketi. Aliogopa hata kuurudisha mkono nyuma.

Alitoka kinyumenyume, akapeleka chupa na kitambaa mwisho wa uwanja, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akafungua milango na madirisha yote. Filimbi haikunyamaza.

Mama alikuwa kitini, mpira umeshatoka puani, ameukamata kwenye ngumi. Thina alidhani filimbi ndiyo iliyomshtua. Alimweleza kwa sauti ya kutetemeka kwamba mashine imemwagikiwa rangi, na isiposafishwa sasa hivi rangi itafyonzwa mpaka ndani. Mtungi wa oksijeni wa akiba uliisha siku umeme ulipokatika, na ulikuwa bado haujarudi kutoka kujazwa. Kusafisha ni lazima azime.

"Zima," mama alisema. "Waya nao uchomoe."

"Utaweza, mama?"

"Nitapuliza taratibu kama napoza chai, alivyonifundisha muuguzi. Wewe fanya kazi yako. Ila pupa yako iache hapa kwangu."

Thina alimpa kikombe na kijiko, akamwomba awe anagonga, ili ajue kwamba yupo.

Alichomoa waya. Alilowesha kitambaa kwa maji ya sabuni, akakikamua mpaka kikabaki na unyevu tu, maana maji yakiingia ndani ni msiba juu ya msiba. Alipangusa kutoka kwenye matundu kuja nje, asije akaisukumia rangi tumboni. Sebuleni kijiko kiligonga. Alizungushia vitufe pamba za masikio, moja baada ya nyingine. Kijiko kiligonga tena. Alivuta sponji ya kuchujia hewa. Ilikuwa imeinywa rangi yote, heri yake. Akamulika ndani kwa tochi ya simu, hakuona tone, akaweka sponji ya akiba.

Kijiko kilianza kuchelewa. Kisha kikanyamaza.

Aliita. Hakuitikiwa. Miguu ilitaka kukimbia, lakini angekimbilia huko na nini? Hewa ilikuwa hapa, mikononi mwake, na matundu yalikuwa bado na unyevu. Mtu mzima mwenye ndevu zake, meno yakimgongana, alikausha tundu kwa tundu, akachomeka waya, akabonyeza. Mashine ikanguruma. Taa ya kijani ikawaka. Ndipo alipokimbia.

Mama alikuwa ameegemea upande, midomo imekuwa rangi ya majivu, mpira umemlalia pajani. Thina alimvalisha, akakosea pua, akarudia. Kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena.

"Kijiko kilianguka," mama alisema sauti iliporudi. "Kuinama sikuweza."

Thina alipiga magoti akalia bila aibu. Alipopata maneno aliisifu mashine: kama rangi isingeikaba ikapiga filimbi, angeipangusa kwa thina na umeme umo, na sasa wangekuwa wanasimuliwa.

Mama alitikisa kichwa, akakunjua kiganja. Katikati yake kulikuwa na alama nyekundu, nene kama ule mpira.

"Haikulia kwa sababu ya rangi. Nilisikia harufu ya thina, nikajua ni wewe na mkono wako. Sauti ya kukuita sina. Nikautoa mpira, nikaukunja, nikaubana."

Thina aliutazama mkono ule, mdogo, wenye mishipa. Akauliza alijuaje kwamba mashine ikibanwa hupiga filimbi.

"Sikujua," mama alisema. "Nilitaka tu hewa yangu isitoke, usije ukaungua."