Blada ya Nyakio

Nyakio alifunga mkebe wa mwisho kwa blada, ule mpira mrefu unaokatwa kwenye tyubu ya gurudumu kuukuu, akauvuta mpaka ukalia. Mikebe miwili, kila mmoja upande wake wa pikipiki, na blada moja kwa kila mkebe. Kwa miaka saba amebeba maziwa ya wakulima wa eneo la Bahati asubuhi na jioni bila kumwaga hata kikombe, na hujisifu kwa hilo bila aibu. Abiria wake pekee aliyewahi kukataa kuvaa helmeti ni mumewe, Kamande. "Inaniziba pumzi," alikuwa akisema.

Sasa Kamande alikuwa na siku ya nne wodini mjini Nakuru kwa nimonia, kichwa chote kikiwa ndani ya helmeti ya plastiki angavu iliyounganishwa na mashine ya kusukuma hewa. Nyakio alipoiona mara ya kwanza alilia, kisha akacheka mpaka sista akamwonya. Ndani mna upepo mwingi hata Kamande hasikii mtu, kwa hiyo huandika kwenye daftari la binti yao, Lynn. Juzi aliandika: *Umeshinda. Nikitoka nitavaa hata kwa pikipiki.*

Saa saba mchana Nyakio aliingia na uji wa kunywa kwa mrija, ule unaopitishwa kwenye tundu dogo la helmeti. Akakuta mashine inalia na sista Chepngeno ameikandamiza helmeti kwa mikono miwili.

"Mathe, kuja ushike hapa haraka. Mkanda wa kwapa umekatika. Hewa ikiingia helmet inapanda, halafu yote inatokea kwa shingo."

"Umekatika saa ngapi?"

"Asubuhi. Nimefunga na bandeji, akikohoa inalegea. Na mimi niko na wagonjwa kumi na nane peke yangu."

Nyakio akashika. Kwenye kioo cha mashine oksijeni ilisoma 86. Daktari alikuwa amesema wazi: isipofika tisini kufikia saa kumi, Kamande atalazwa usingizi na kuingizwa bomba kooni, na kitanda cha mgonjwa wa namna hiyo itabidi kitafutwe Nairobi. Nyakio aliikandamiza helmeti zaidi. Kamande, huko ndani kwenye upepo wake, akamkonyeza.

Chepngeno alikimbia stoo, akarudi mikono mitupu. "Mtu wa stoo amekataa kunipa mkanda. Enda wewe, pengine atakuonea huruma. Wacha mimi nishike."

Stoo ilikuwa ya Bwana Muiruri, mtu msafi, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Kwenye rafu nyuma yake Nyakio aliiona helmeti mpya ndani ya nailoni yake, na mikanda yake yote.

"Mama, mkanda hauna namba yake," alieleza kwa upole. "Kwa kitabu imeandikwa helmet, seti moja. Lete ile ya zamani, nikupatie hii. Hata sitakuchelewesha."

"Boss, ya zamani iko kwa kichwa ya mtu."

"Basi itolewe. Ni dakika kumi tu."

"Na hizo dakika kumi atapumua na nini?"

Muiruri alifikiri. Kwa kweli alifikiri. "Hiyo ni ya madaktari," akasema. "Mimi ni stoo."

Nyakio hakugombana. Alitoka hadi kwenye maegesho, akafungua blada ya mkebe wa kushoto, akaiosha kwa sabuni kwenye sinki la wodi huku wagonjwa wakimtazama. Chepngeno aliiangalia, akaangalia mlango, akasema, "Pitisha chini ya kwapa. Isibane sana."

"Sista, mimi hufunga lita arobaini kwa barabara ya mashimo. Huyu ni mzee mmoja tu."

Alifungua mkanda uliokatika, akautia mfukoni, akapitisha blada, akavuta, akapiga lile fundo lake la mikebe. Helmeti ikatulia mabegani. Mashine ikanyamaza. Themanini na tisa. Tisini na moja. Saa kumi kasorobo ilisoma 94, na daktari alipopita alisema bomba halihitajiki tena. Nyakio alimbusu Kamande kwenye plastiki, wodi nzima ikapiga makofi.

Ndipo Muiruri akaja, fomu mkononi. Aliinama, akaivuta blada kidogo kwa kidole, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akaandika, na Chepngeno akasoma kwa sauti: "Kifaa kimekarabatiwa. Ombi limefungwa."

"Na mkanda mpya?" Nyakio akauliza.

"Wa nini na hii inafanya kazi? Hata hiyo mpira sasa ni sehemu ya seti. Nipe kile kipande kilikatika, nikiweke kwa faili."

Kipande hicho, na kibandiko chenye namba ya seti, kilikuwa mfukoni mwa Nyakio. Akakitoa, akakitazama, akakirudisha mfukoni.

"Boss, blada yangu ni ya mkebe wa kushoto. Seti moja. Lete blada yangu, nikupatie hiki kipande. Hata sitakuchelewesha."

Chepngeno aligeukia dirishani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Muiruri aliondoka na fomu yake. Kamande aligonga daftari: *Anasema nini?* Nyakio akamwandikia yote, na helmeti ikajaa ukungu wa kicheko.

Saa kumi na moja alikuwa maegeshoni. Maziwa ya jioni yalikuwa yanangoja Bahati. Alifunga mkebe wa kulia kwa blada iliyobaki, na wa kushoto kwa ule mkanda wa hospitali, akiupiga mafundo mawili pale ulipokatika. Akavaa helmeti yake, akawasha pikipiki. Kule stoo, ndani ya nailoni, ile mpya ilikuwa bado haijaguswa.