Tangazo la Msiba la Ognyan

Ognyan Lazarov alikufa Jumatatu saa nne asubuhi, mbele ya mlango wa jengo lao, brashi ya gundi mkononi. Tangazo alilibandika mwenyewe: picha ya siku ya harusi (ndoa ilishavunjika, ila suti ilikuwa nzuri), ukingo mweusi, na maneno "Ametutoka ghafla". Pale Vratsa, mji wa Bulgaria, kila mlango una matangazo kama hayo, na hakuna anayedai cheti cha marehemu.

Alikuwa mjinga, sawa, lakini msimcheke bado. Kadi ya mkopo ilimnunulia meno na friji, leva elfu tatu. Alipopunguzwa kazi kiwandani, benki ikaliuza deni kwa kampuni ya kudai, na riba ikaumuka kama unga wenye hamira. Wadai walimpigia yeye, wakawapigia majirani, wakampigia mama yake Tsonka kule kijijini. Walijifanya rafiki wa jeshini, fundi wa umeme, hata mchumba. Bibi wa watu, masikio mazito, aliwaita wote "mwanangu" na kuwauliza kama wamekula.

"Haya, sasa watamdai nani?" Ognyan alimwambia jirani yake Kosta, laini ya simu keshaitupa chooni.

"Kaka, umekufa na bado unavuta sigara zangu," Kosta akacheka. Kisha akalisoma tangazo vizuri. "Mbona umeandika jina la mama yako? Na kijiji?"

"Tangazo lisilo na mfiwa nani ataliamini, bwana?"

Kosta akatema mate pembeni. Kumtangaza mtu hai ni kukiita kifo.

Siku tisa Ognyan alilala usingizi wa mtoto. Hakuna simu, hakuna bahasha. Kumweleza mama alikuwa akiahirisha kila kukicha, kwa aibu tu. Siku ya kumi akanunua laini mpya, akampigia.

"Mama, ni mimi, Ognyan."

"Hivi nyie hamna haya?"

"Mama, mimi mzima! Lile tangazo..."

"Rafiki wa jeshini nilikusamehe. Mchumba nikakusamehe. Leo umekuja na jina la maiti?"

"Nisikilize, mama, nakuomba!"

"Namba ya mwanangu ninayo, nimeipiga mpaka kidole kikauma. Imekufa naye. Yule binti wa kampuni yenu alikuja Ijumaa na picha ya tangazo, nikapiga yowe kijiji kizima kikakusanyika. Akasema manispaa ilishamzika. Akasema mrithi ni mimi, lakini naweza kukataa. Nikataeje? Mwanangu alale kaburini na deni la watu? Nikasaini. Nyumba mmechukua, pesa yangu ya jeneza mmechukua. Mnataka nini tena kwa kizee kama mimi?"

Ognyan akaangua kilio. Alitaka kusema jambo ambalo wao wawili tu walilijua, na hakuna lililomjia. Machozi yalimwingia mdomoni, katikati ya yale meno mapya.

Upande wa pili mama alisikiliza kidogo. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imelainika.

"Hata wewe una mama yako mahali, wanakutuma tu," alisema. "Umekula, mwanangu?"

Akakata bila kungoja jibu. Ognyan alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.